Kutoka Kaunta hadi Makao Makuu: Njia ya Askari Anayetaka Ukamanda

Julai 20, 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alimteua Camillus Wambura kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Tanzania. Wambura alitokea kwenye kiti cha Mkurugenzi wa Makosa ya Jinai, ofisi ya majalada, mashahidi na vielelezo. Aliyempisha, Simon Sirro, aliteuliwa Mei 2017 akitokea ukamanda wa Kanda Maalumu ya Dar es Salaam, mahali pa doria, ujambazi wa silaha na mikusanyiko ya jiji kubwa. Said Mwema, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 2006, aliitwa nyumbani kutoka Nairobi alikokuwa akiongoza ofisi ya kanda ya Interpol.

Wote watatu walifika kiti kimoja, kila mmoja kwa njia yake. Kijana anayeota kuvaa magwanda na siku moja kuongoza mkoa, kikosi au kamisheni, ana la kujifunza hapo: uteuzi wa juu kabisa hauko mikononi mwake, lakini fani iko mikononi mwake. Inspekta Jenerali ni mmoja tu nchi nzima. Wakuu wa vituo, wapelelezi wa wilaya, makamanda wa mikoa na wakuu wa vikosi ni wengi, na hao ndio wananchi hukutana nao. Anayejiandaa kuwa mkuu wa kituo mwaminifu na hodari amejiandaa pia kwa vyeo vilivyo juu yake. Aliyekesha akiwaza makao makuu tu mara nyingi huishia kuwa mzigo kwenye kituo alichopangiwa.

Kuanzia depo

Karibu kila mmoja huanzia Moshi, katika shule ya polisi ambayo askari wenyewe bado wanaiita CCP. Aliyetoka kidato cha nne na mwenye shahada ya kwanza hupangwa kwenye gwaride lilelile, chini ya jua lilelile la Kilimanjaro, na mkufunzi mwenye sauti ileile. Msomi anayeingia na dharau, akidhani cheti chake kitamwondoa kwenye kwata, hujipotezea mambo mawili: heshima ya wenzake atakaokuja kuwaongoza, na fursa ya kujua jinsi askari wa chini anavyoishi, anavyochoka na anavyofikiri.

Kabla ya kuomba, muombaji asome tangazo la ajira neno kwa neno. Kwa kawaida linataka raia wa Tanzania, mwenye kitambulisho au namba ya NIDA, vyeti halisi, afya njema, asiye na kumbukumbu za uhalifu, asiye na michoro mwilini, ambaye hajaoa wala kuolewa, na aliye tayari kufanya kazi popote nchini, Zanzibar ikiwemo, kwa kuwa polisi ni suala la Muungano. Umri na viwango vya elimu hutajwa humohumo. Akikutana na mtu anayedai ana nafasi mkononi na anataka laki kadhaa za kuisukuma, aondoke na atoe taarifa. Zaidi ya kupoteza fedha za wazazi, anayeingia kwa kununua nafasi ameanza kazi ya kupambana na rushwa akiwa tayari ameitoa.

Shahada ina faida yake. Jeshi linahitaji wanasheria, wahasibu, madaktari, wahandisi, wataalamu wa TEHAMA na wa maabara. Ila ndani ya jeshi elimu inapimwa kwa kazi. Mwanasheria asiyeweza kuchukua maelezo ya shahidi aliyejaa hofu bado ana safari ndefu.

Usiku wa kwanza kaunta

Kazi ya ofisa mwandamizi hujengwa mapema kuliko wengi wanavyodhani, tena kwenye meza ambayo askari wapya huikwepa: kaunta ya kituo.

Chukua mfano wa mama lishe anayefika saa saba usiku, ameporwa simu na fedha za mauzo karibu na stendi. Askari mmoja anaandika kwamba mlalamikaji ameibiwa na watu wasiojulikana, anampa namba ya RB na kumwambia arudi asubuhi. Askari mwingine anamketisha, anamwacha apumue, kisha anauliza. Simu ni ya aina gani, ina rangi gani, kioo kina ufa kona ipi? Boksi lake lenye namba ya IMEI lipo nyumbani? Palikuwa na taa? Ilikuwa umbali gani, na mwanga wake ulikuwa mkali au hafifu? Mporaji alisimama mbele yako kwa muda gani? Alivaa nini? Uliwahi kumwona kabla ya leo? Kila jibu linaandikwa kwa maneno ya mama mwenyewe, na mwisho anasomewa kabla hajaweka sahihi.

Maswali hayo yana historia. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, iliweka vigezo vya kupima ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho: muda ambao shahidi alimwona mshtakiwa, umbali, hali ya mwanga, na kama walifahamiana kabla. Hadi leo kesi za unyang'anyi wa usiku hupimwa kwa vigezo hivyo. Askari wa kwanza amefunga jalada bila kujua. Wa pili amempa mwendesha mashtaka kitu cha kusimamia miezi minane baadaye, wakati mama lishe amekwishaanza kusahau na wakili wa utetezi anamuuliza kuhusu taa.

Ushauri kwa askari mpya ni huu: katika miaka miwili ya kwanza aombe kukaa kaunta, asiikimbie. Ajue kitabu cha matukio kinavyoandikwa, rejesta ya mahabusu inavyojazwa, kielelezo kinavyopokelewa na kupewa namba, na fomu ya PF3 inatolewa lini kwa majeruhi. Aisome PGO, yale Maelekezo ya Jumla ya Jeshi la Polisi, sura kwa sura, wala asingoje mtihani wa cheo. Mkuu wa kituo hujua haraka ni nani zamu yake ikiisha vitabu vinasomeka, na jina hilo ndilo hutajwa makao makuu ya wilaya yanapoomba mtu wa kupeleka kozi.

Sheria kwenye vidole

Askari hodari wa mtaani asiyejua sheria ya ushahidi hukamata watu wengi na kuwafunga wachache. Orodha ya vitu vya kukariri si ndefu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtuhumiwa ahojiwe ndani ya saa nne tangu akamatwe, isipokuwa muda uongezwe kwa utaratibu uliowekwa. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila maelezo ya kuridhisha yamekuwa yakitupwa na mahakama mara kwa mara, hata pale mtuhumiwa alipokiri kila kitu. Mpelelezi aliyemwacha mtu mahabusu tangu alfajiri hadi usiku "apoe kwanza" huwa ameharibu kesi yake kwa mkono wake.

Vielelezo ndiyo mtihani wa pili. Katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilisisitiza umuhimu wa kumbukumbu za mfululizo zinazoonyesha kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohama mkono kwa mkono hadi kikafika mahakamani. Kwa askari wa kawaida maana yake ni kazi ya kalamu: hati ya ukamataji yenye sahihi za mashahidi, alama kwenye kifurushi, jina la aliyepokea stoo, tarehe na saa. Bunduki iliyokamatwa kishujaa lakini ikalala kwenye kabati la mtu bila kuandikwa popote inaweza kumwachia huru aliyeitumia.

Tangu Sheria ya Huduma za Mashtaka ya mwaka 2008, mashtaka yamekuwa yakihamia mikononi mwa waendesha mashtaka wa Mkurugenzi wa Mashtaka badala ya polisi. Hilo limemwongezea mpelelezi msomaji mkali wa jalada lake. Mpelelezi anayetaka kupanda aende ofisini kwao aulize kwa nini jalada limerudishwa, aandike sababu hizo daftarini, na zisijirudie kwenye jalada linalofuata. Akifanya hivyo kwa mwaka mmoja atakuwa amepata darasa ambalo kozi chache hulitoa.

Kuchagua fani

Miaka mitano hadi kumi ya mwanzo inatosha kuonja: doria, trafiki, upelelezi, intelijensia, kutuliza ghasia. Baada ya hapo askari ajulikane kwa jambo moja. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, mtu anayejua kusoma mienendo ya miamala ya simu na kuhifadhi ushahidi wa kidijitali anahitajika kila mkoa. Wanaojua alama za vidole, uchunguzi wa nyaraka, ajali za barabarani au usafirishaji haramu wa binadamu nao hawawatoshi wapelelezi wanaowatafuta.

Lugha huongeza milango. Polisi wa Tanzania wamehudumu katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa, Darfur ikiwa mfano mmoja, na huko ofisa anayeandika ripoti safi ya Kiingereza na kujitahidi Kifaransa au Kiarabu hupewa majukumu ambayo mwenzake hapati.

Kwa askari wanawake kuna neno la ziada. Madawati ya Jinsia na Watoto yamebadilisha maisha ya waathirika wengi, na maofisa wanaoyasimamia wanastahili heshima kubwa. Lakini mwanamke asikubali kufungiwa hapo kama ndipo ukomo wake. Aombe upelelezi wa mauaji, ukuu wa kituo, operesheni. Kenya ilimpata Grace Kaindi akiwa Naibu Inspekta Jenerali mwaka 2013, nafasi iliyompa usimamizi wa Huduma ya Polisi ya Kenya (Kenya Police Service). Viti vya namna hiyo hupewa walioonekana wakiongoza watu na operesheni, na makamanda wa mikoa wanaopanga kazi leo wanapaswa kuwapa wanawake nafasi ya kuonekana.

Fedha na jina

Desemba 2013 Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi ya Kenya ilianza kuwachuja maofisa, ikianza na wenye vyeo vya juu kabisa. Walikaa mbele ya jopo wakiulizwa kuhusu mali, madeni, malalamiko ya wananchi na maamuzi yao ya zamani. Zoezi lilipofika kwa trafiki, taarifa za M-Pesa zikawa shahidi mkuu. Wapo walioshindwa kueleza kiasi kilichopita kwenye simu zao kikilinganishwa na mshahara, na jopo likataka kujua kwa nini maofisa wa chini walikuwa wakiwatumia wakubwa wao fedha mara kwa mara. Wengine waliondolewa kazini.

Tanzania ina njia yake. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi inaowataja watoe tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili kila mwaka, ifikapo mwisho wa Desemba. Askari mwenye ndoto ya ukamanda asisubiri kufika cheo hicho ndipo aanze kuweka kumbukumbu. Tangu akiwa konstebo aweke faili nyumbani: mkataba wa kiwanja, risiti za mabati, taarifa ya mkopo wa SACCOS, leseni ya duka la mwenzi wake. Atakapoulizwa nyumba ilijengwaje, ajibu kwa karatasi.

Na akatae ile desturi ya kumpelekea mkubwa "hesabu" za barabarani. Kukataa kunaweza kumgharimu uhamisho wa kwenda mbali. Uhamisho huisha. Rekodi ya miamala haiishi, na siku moja mtu asiyemfahamu ataisoma kwa sauti mbele yake.

Amri inapotolewa

Hakuna sehemu ya kazi hii inayomaliza kazi za watu haraka kama matumizi ya nguvu. Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa wakati polisi wakizuia shughuli ya chama cha siasa. Makamanda walikuwepo eneo la tukio. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia, naye alikuwa konstebo. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani kwa mauaji ofisa mwenye cheo cha mrakibu, katika kesi ya wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliouawa Januari 2006 wakidaiwa kuwa majambazi. Mahakama Kuu ilikuwa imewaachia washtakiwa wote mwaka 2009. Miaka kumi baada ya tukio, jalada lilikuwa bado linatembea.

Kwa hiyo askari ajizoeze mapema mambo matatu. Kwanza, ajue mipaka ya nguvu kisheria kama anavyojua namba yake ya jeshi. Pili, amri yenye utata aombe irudiwe mbele ya wengine, kisha aiandike kwenye daftari lake ikiwa na saa na jina la aliyeitoa. Kuuliza kwa adabu, "Afande, naomba kuthibitisha maelekezo," hakuvunji nidhamu. Tatu, silaha ikitumika, ripoti iandikwe siku hiyohiyo, kabla simulizi za kambini hazijaanza kufanana.

Maofisa wa juu nao wana somo lao la karibuni kutoka Nairobi. Mwaka 2024 Kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli aliitwa mahakamani mara saba kueleza habari za watu watatu waliotoweka Kitengela, na hakutokea. Jaji Lawrence Mugambi akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama. Siku chache baadaye alifika, akaomba radhi, na adhabu ikaondolewa. Kamanda anayeitwa na mahakama aende siku ya kwanza, akiwa na jalada mkononi. Kila siku anayochelewa, askari wa chini wanajifunza kwake kwamba sheria ni ya wengine.

Kuongoza mkoa

Ofisa akishafika ukamanda wa mkoa, kazi yake hubadilika kabisa. Hakamati tena, anakagua, anapanga, anajibu. Wengi huanguka hapa kwa sababu wanaendelea kuwa wapelelezi wazuri huku vituo vyao vikiharibika.

Ratiba ya wiki ya kamanda makini inaweza kuwa hivi: kituo kimoja atembelee bila taarifa, tena usiku, afungue rejesta ya mahabusu na kulinganisha majina na watu waliomo, aulize mmoja mmoja amekaa kwa muda gani, achukue majalada matano bila kuchagua na kuyasoma yote, aketi dakika ishirini na wananchi wanaosubiri nje. Dhamana isiyotolewa bila sababu, mtoto aliyechanganywa na watu wazima, jalada lisiloguswa miezi mitatu, yote atayaona huko kabla hayajafika kwenye magazeti.

Mbele ya kamera, aseme anachokijua. Aliyekamatwa ni mtuhumiwa hadi mahakama itakaposema vinginevyo, na kumwita jambazi kwenye mkutano na waandishi ni kumtendea isivyo haki na kumpa wakili wake hoja. Idadi ya waliokamatwa isitangazwe kama ushindi kabla haijajulikana wangapi wana kesi ya kujibu.

Awe karibu na raia. Mwema anakumbukwa kwa kusukuma dhana ya Polisi Jamii na ulinzi shirikishi, akiwataka maofisa wakae na wenyeviti wa mitaa, viongozi wa dini na madereva wa bodaboda. Pale ilipofanyika kwa uaminifu, polisi walipata kitu ambacho bunduki haileti: mtu anayepiga simu kabla uhalifu haujatokea.

Na awe tayari kuwajibika kwa asiyoyafanya yeye. Novemba 22, 2014 abiria 28 wa basi waliuawa Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya. Siku kumi baadaye wachimbaji 36 waliuawa kwenye machimbo ya mawe katika kaunti hiyohiyo. Desemba 2 Inspekta Jenerali David Kimaiyo alijiuzulu, ilhali Katiba ya 2010 ilimpa kipindi cha miaka minne ambacho hakikuwa kimefika hata nusu. Anayekubali ukubwa akubali na hilo tangu siku anayoapa.

Familia inahitaji kuandaliwa vilevile. Uhamisho huja kwa simu, wakati mwingine katikati ya muhula wa shule. Wanandoa waamue mapema kama watoto watahama au watabaki mahali pamoja, na nani atasimamia nyumba. Kamanda ambaye nyumbani kwake kumetulia hufanya maamuzi kwa kichwa kilichotulia.

Baada ya magwanda

Cheo kina tarehe ya mwisho, lakini ujuzi hauna. Ernest Mangu, aliyekuwa Inspekta Jenerali tangu mwishoni mwa 2013 hadi 2017, alikwenda Rwanda kuwa balozi. Sirro alikwenda Zimbabwe. Mwaka 2023 Rais Samia alipounda Tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, Mwema na Mangu walikuwa miongoni mwa wajumbe. Ripoti yao ilipendekeza mageuzi makubwa ndani ya polisi, likiwemo la kuondoka kwenye jina na fikra za jeshi na kuelekea kwenye huduma. Maofisa walioingia kazini wakifundishwa ujeshi wamekuja kushauri, wakiwa wazee, njia nyingine.

Ofisa aliyebakiza miaka miwili ana kazi tatu za kumaliza. Ahakikishe taarifa zake za utumishi na michango ya mafao ziko sawa, kwa kuwa karatasi moja iliyopotea Moshi miaka thelathini iliyopita inaweza kumchelewesha mwaka mzima. Achague vijana wawili au watatu na kuwaachia ujuzi wake, akikaa nao juu ya majalada yaliyoshinda mahakamani na yaliyoshindwa, na kuwaambia kwa nini. Kisha aandae makabidhiano ya maandishi: kesi zilizo wazi na hatua zilizofikia, vielelezo vilivyo stoo, watoa habari wanaohitaji kulindwa, migogoro ya ardhi inayoweza kuwaka, na ahadi alizowapa wananchi ambazo hazijatimizwa. Anayempokea asaini kila ukurasa, na nakala ibaki kituoni.